Upungufu wa Walimu Si Ukame

Wananchi wenzetu, na ndugu zetu mnaokutana kila Jumapili katika makanisa ya Migwani, Nguutani, Kyome na kwingineko katika vilima hivi vya Kitui:

Watu wa huku hawahitaji kufundishwa maana ya upungufu. Mvua za vuli zikikataa, mawele na ndengu hukauka zikiwa na urefu wa shubiri, mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa, na akina mama hurudi kwenye mito ya mchanga kufukua maji. Upungufu wa namna hiyo hauna wa kushtakiwa. Mtu huvumilia, huomba, husubiri msimu mwingine. Uvumilivu huo ni sifa yetu, wala hatuuonei haya. Lakini sasa unatumiwa dhidi yetu. Kila mwaka afisa wa elimu husimama mbele ya wazazi, akakunjua mikono, akasema, "Tuna upungufu wa walimu," kwa sauti ile ile ambayo mtu husema mvua imekataa. Nasi wazazi huinamisha vichwa, hutoa tulicho nacho mfukoni, tukaenda zetu.

Sisi tunakataa. Ukame haukuandikwa na mtu ofisini. Upungufu wa walimu uliandikwa, ukapigwa mhuri, na tunaijua miaka ulipoandikwa.

Hivi karibuni tuliitwa katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya kutwa isiyo mbali na barabara ya kwenda Mwingi. Jina lake tunaliacha, kwa kuwa shule hiyo haina kosa kuliko jirani zake, na mwalimu mkuu wake ni mtu mwungwana aliyebanwa pande mbili. Ajenda ya tatu ilikuwa "fedha za walimu wa bodi". Walimu wa Tume ya Kuwaajiri Walimu, yaani TSC, hawakutosha hata nusu ya masomo. Waliosalia walikuwa vijana walioajiriwa na bodi ya shule kwa michango ya wazazi. Hesabu ikasomwa. Nyanya mmoja anayelea wajukuu watatu akasimama, akanena kwa Kikamba, nasi tunatafsiri: "Mwalimu wa Serikali analipwa na Serikali. Huyu wa bodi namlipa mimi. Basi mjukuu wangu ni wa Serikali siku gani, na ni wangu siku gani?" Watu walicheka. Mwenyekiti akapitisha ajenda. Sisi tuliokuwa tumeketishwa meza ya mbele pamoja na wageni, tukiitwa mawakili na wasomi, hatukumjibu. Haya ndiyo majibu yetu, yaliyochelewa.

Shule za Migwani zilijengwa kwa mwethya. Kabla ya Harambee kupata jukwaa na wageni wa heshima, watu wa Ukambani walikuwa wakikusanyika kwa zamu kulimiana, kujengeana na kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Baada ya uhuru nguvu hiyo ikaelekezwa kwenye shule. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari za Harambee nchini zilikuwa nyingi kuliko zile za Serikali, na Migwani ilikuwa na yake. Wazazi waliuza ng'ombe, wakafyatua matofali, wakaezeka mabati, kisha wakabaki na swali ambalo mwethya hauwezi kulimaliza: nani atafundisha? Mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Walichukuliwa vijana waliomaliza kidato cha nne juzi na jana, wale tuliowaita UT, wasio na mafunzo yoyote ya ualimu. Katikati ya miaka hiyo wakaja pia vijana wa kujitolea kutoka Uingereza, waliofundisha miaka miwili hivi na kurudi kwao. Hatuwadharau hata kidogo. Wapo wazee wetu wanaokumbuka masomo yao hadi leo. Lakini tazameni jinsi mizani ilivyokaa. Mtoto aliyepata nafasi katika shule ya Serikali alilipa karo nafuu na kupewa mwalimu aliyehitimu. Mtoto wa shule ya Harambee, ambaye mara nyingi ndiye aliyetoka katika nyumba maskini zaidi, alilipa karo ya juu na kupewa aliyepatikana. Na Serikali ilijifunza hapo somo ambalo haijalisahau: usipopeleka mwalimu Migwani, watu wa Migwani watamtafuta wenyewe.

Tarehe 12 Desemba 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kufutwa kwa karo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Waliokuwa katika shule za msingi mwaka huo walikuwa kama milioni 1.8, mwaka 1974 wakawa zaidi ya milioni 2.7. Hakuna aliyekuwa ameandaa walimu wa watoto hao laki tisa. Wakaongezwa UT. Karo nayo ikarudi kwa jina la ada ya majengo, na watoto wengi walioingizwa na tangazo wakatolewa na ada. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na wazazi wakaambiwa wajenge karakana na vyumba vya sayansi-kimu. Wakajenga. Katika shule tuliyosoma sisi, karakana ilikuwa na meza moja ya seremala na popo wengi. Mwalimu wa useremala hakuwahi kufika.

Ripoti ya tume ya Kamunge ya mwaka 1988 ndiyo iliyotia muhuri wa kitaalamu juu ya desturi hiyo, ikaiita kugawana gharama: Serikali imlipe mwalimu, mzazi abebe majengo, vitabu na mengineyo. Ulikuwa mkataba mgumu kwa watu wa nchi kame. Hata hivyo sehemu ya Serikali ilikuwa wazi, kwamba mwalimu ni wake. Sehemu hiyo moja ndiyo iliyovunjwa miaka kumi baadaye.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana mambo haya hatukuyasoma katika faili, yalitupata. Oktoba 1997 tulikuwa kidato cha tatu. Walimu wa nchi nzima, chini ya chama chao cha KNUT na katibu mkuu wao Ambrose Adongo, waligoma. Uchaguzi mkuu wa pili wa vyama vingi ulikuwa mlangoni. Baada ya siku zipatazo kumi na mbili Serikali ikakubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano, na mapatano hayo yakachapishwa katika Tangazo la Kisheria nambari 534 la mwaka huo. Walimu wetu walirudi darasani wakitabasamu. Mwishoni mwa Desemba kura zikapigwa, chama tawala kikarudi madarakani. Ilipofika zamu ya awamu ya pili mwaka 1998, Serikali ikasema haina fedha. Oktoba 1998 walimu wakagoma tena, na sisi tulikuwa kidato cha nne, mtihani wa taifa ukiwa mlangoni. Ahadi ilitolewa kabla ya kura, ikakanwa baada ya kura. Na ambaye hadi leo anasema demokrasia ya vyama vingi haina uhusiano na darasa la kijijini, atueleze tarehe hizo zilipangwa na nani.

Mwaka huo huo wa 1998 Serikali ikasimamisha uajiri wa walimu wapya. Hiyo ndiyo hati tunayoisema. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amehamishwa muhula wa kwanza, na hakuna aliyekuja mahali pake. Tulifundishana wenyewe usiku, kwa taa ya kandili, kutoka katika daftari la kaka wa mwenzetu aliyemaliza miaka mitatu kabla yetu. Wawili katika darasa letu walitaka kuwa wahandisi. Mmoja leo anauza vipuri vya pikipiki, na anaiendesha biashara yake kwa akili nyingi. Mwingine hatujui alipo. Sisi tulisoma sheria, kwa sababu sheria haikudai fizikia.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo TSC iliajiri tu kujaza nafasi za waliokufa, waliostaafu na walioacha kazi. Idadi ya walimu wa umma ikafungwa pale pale kwenye 235,000 hivi. Watoto hawakufungwa. Januari 2003 serikali mpya ya NARC ilifuta karo ya shule za msingi, na wanafunzi wakaongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Tulikuwa miongoni mwa walioicheza ngoma ile, na hatujutii. Elimu bila malipo ilikuwa haki iliyocheleweshwa miaka arobaini. Lakini ilitolewa kwa kuongeza watoto katika darasa la mwalimu yule yule. Mwaka 2008 ikafuata sekondari ya kutwa, kwa namna ile ile. Jukwaani mtoto huhesabiwa mara moja, siku anapoandikishwa, anayemfundisha hatajwi.

Na pengo lilipozidi kuwa aibu, hila ya zamani ikabadilishiwa jina. UT wa miaka ya 1970 alirudi akiwa mwalimu wa kandarasi, wapatao 18,000, kwa malipo pungufu. Ulihitajika mgomo wa Septemba 2011 ndipo Serikali ikakubali kuwapa ajira ya kudumu. Miaka tisa baadaye, mwaka 2020, akarudi akiitwa mwanagenzi. Wa shule ya msingi alipewa shilingi 15,000 kwa mwezi, wa sekondari 20,000. Sekondari msingi ilipoanzishwa Januari 2023 ndani ya shule za msingi, ni wanagenzi hao waliotwikwa sehemu kubwa ya mzigo huo. Jirani zetu wa Tanzania nao walipata walimu wao wa mafunzo ya wiki chache wakati sekondari za kata zilipofunguliwa kwa wingi katika miaka ya 2000; wananchi wakawaita vodafasta, kwa mzaha wenye uchungu. Tofauti ni kwamba wale wa Tanzania hawakuwa wamefunzwa vya kutosha. Hawa wetu wamefunzwa. Wana diploma na digrii za ualimu, wamefanya mazoezi ya kufundisha, wamesajiliwa na TSC yenyewe. Sisi mawakili tunaujua unagenzi: tuliketi miguuni pa wakili mkongwe kabla ya kuapishwa, si baada ya kuapishwa. Mtu aliyekwisha kusajiliwa kuwa mwalimu anajifunza nini tena kwa nusu mshahara, ila kunyamaza?

Mahakama ililiona hilo. Tarehe 17 Aprili 2024 Jaji Byram Ongaya wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi aliamua kwamba kuwachukua walimu waliohitimu kuwa wanagenzi kulikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini, na kwamba TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Tume ikakata rufaa. Mei 2024 wanagenzi wa sekondari msingi wakagoma nchi nzima, na Januari 2025 walimu 46,000 kati yao wakapewa ajira ya kudumu. Tuliwapongeza. Lakini wakati huo huo TSC ilikuwa imewaita wanagenzi wapya 20,000. Mlango mmoja ukafunguliwa kutoa, mwingine ukafunguliwa kuingiza.

Tuwe wakweli kwa wapinzani wetu. Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2022 imeajiri walimu wengi kuliko zilizoitangulia katika muda mfupi kama huo. Rais William Ruto alitangaza mwaka 2025 kwamba walikuwa wamefika 76,000. Hatuikani hesabu hiyo. Tunauliza wangapi kati yao waliingia kwanza kwa mlango wa unagenzi, na tunauliza kwa nini mwaka huo huo magazeti yaliripoti wanasiasa wakigawa barua za ajira za walimu mikutanoni kana kwamba ni unga wa msaada. Katiba haikumpa mbunge kazi ya kuajiri mwalimu. Kijana wa Migwani aliyehitimu miaka minane iliyopita hapaswi kujipanga nyuma ya gari la mheshimiwa kusubiri kile ambacho sheria inasema atakipata kwa cheti chake na kwa zamu yake.

Maana jambo lenyewe ni hili, na ndilo linalotenganisha upungufu huu na ukame. Tume imekiri mara kadhaa mbele ya Bunge kwamba pengo la walimu katika shule za umma linakaribia laki moja. Na walimu waliosajiliwa wasio na ajira wanahesabiwa kwa malaki. Hebu fikirini mwaka wa njaa ambapo ghala limejaa, wenye njaa wamesimama mlangoni, na mwenye ufunguo anawahutubia kuhusu ukosefu wa mahindi. Tunao katika kila kijiji cha tarafa hii. Binti aliyesomea hesabu na kemia anauza nguo sokoni siku ya gulio. Kijana wa Kiswahili na historia yuko kwenye bodaboda, na abiria wake ni wanafunzi waliochelewa kwenda kukaa katika darasa lisilo na mwalimu.

Yapo maeneo ambako upungufu una sababu nyingine, na haki inatulazimu kuyataja. Barabara ya Mwingi ikiendelea mashariki hufika Garissa. Novemba 2014 basi lilitekwa karibu na Mandera na watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi nyumbani likizoni. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, na TSC ikawahamisha walimu wasio wenyeji wa sehemu hizo. Huko mtu anaweza kusema kwamba mwalimu aliogopa, na hatathubutu mtu mwenye moyo kumlaumu. Lakini Migwani hakuna aliyetishiwa. Hapa hakuna kinachomzuia mwalimu kufika darasani isipokuwa karatasi ya kumwajiri.

Sasa sheria. Kifungu cha 53(1)(b) cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima na isiyo ya malipo. Kifungu cha 237 kinaipa TSC kazi ya kuajiri walimu waliosajiliwa na kuwapeleka katika shule yoyote ya umma. Hakikusema shule zilizo karibu na lami. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza shule ya umma kumtoza mzazi karo ya mafunzo. Michango mingine inahitaji idhini ya Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti; mtoto hawezi kuzuiwa kuingia shuleni kwa kutoilipa; na hakuna anayeruhusiwa kuipokea bila kutoa risiti rasmi. Tunamwomba kila mzazi anayesoma maneno haya ajiulize: fedha za kumlipa anayemfundisha mtoto wako ni nini, kama si karo ya mafunzo? Ziiteni motisha, ziiteni chakula cha mwalimu. Sheria hutazama kazi ya fedha, si jina lake.

Tutaambiwa fedha hazipo. Hatuidharau hoja hii. Nchi inayolipa madeni kwa sehemu kubwa ya ushuru wake haiwezi kuajiri kila mtu kwa siku moja. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge kwamba Serikali haiwezi kumudu shilingi 22,244 zilizoahidiwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, bali kama 16,900. Tunamshukuru kwa kusema wazi kile ambacho wakuu wa shule walikuwa wakikijua kwa kufungua akaunti zao. Lakini waandishi wa Katiba walilitarajia jibu hilo. Kifungu cha 20(5) kinasema kwamba Serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki za kijamii za kifungu cha 43, ni juu yake kuthibitisha kwamba hazipo, na katika kuzigawa ilizo nazo iwafikirie kwanza walio dhaifu. Si juu ya nyanya wa Migwani kuthibitisha kwamba zipo. Na haki ya mtoto iliyo katika kifungu cha 53 haikuachiwa hata mlango huo wa kuponyokea. Haikuandikwa "kadiri ya uwezo". Uthibitisho wa Serikali haujawahi kuletwa katika mkutano wowote wa wazazi tuliouhudhuria. Kinacholetwa ni sura ya huzuni.

Tena sisi si wageni wa hesabu za nchi hii. Kati ya 1990 na 1993 hazina ya taifa ililipa mabilioni ya shilingi kwa kampuni ya Goldenberg, kuwa motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuwa nazo kwa kiasi kile. Serikali ile ile, miaka mitano baadaye, ikawaambia walimu kwamba hazina ni tupu. Mwaka 2009 ikabainika kwamba fedha za mpango wenyewe wa elimu bila malipo zilifujwa wizarani, hata Uingereza ikasitisha msaada wake. Na kwa nini tuende mbali? Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Kitui na Kabati hadi Migwani imejengwa kwa mkopo wa China. Tunaipita, tunaishukuru, mgonjwa wetu hufika hospitali akiwa hai. Twasema tu kwamba aliyeweza kukopa ili gari lipite mbele ya lango la shule angeweza, kwa nia ile ile, kumweka mwalimu ndani ya lango.

Jambo hili lina haraka mpya. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia darasa la kumi, katika sekondari pevu, ambako kila mtoto huchagua njia yake: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Maneno mazuri. Lakini shule ndogo ya kutwa isiyo na mwalimu wa fizikia imekwisha kumchagulia mtoto kabla hajajaza fomu. Yale tuliyofanyiwa sisi mwaka 1998 kwa bahati mbaya ya uhamisho, yatafanywa sasa kwa utaratibu, na katika karatasi yataandikwa kwamba mtoto alichagua.

Tumefika kwenu, ndugu wa makanisa, na hapa kalamu inakuwa nzito kidogo, maana nasi tunaketi kwenye mabenchi hayo hayo. Mnakumbuka mahubiri ya Mwaka Mpya ya Mchungaji Timothy Njoya mwaka 1990, wakati wengine walipokuwa wakinong'ona. Mnamkumbuka Askofu Henry Okullu. Mnakumbuka barua ya maaskofu Wakatoliki ya Machi 1992 iliyosomwa makanisani na kuitaja Serikali katika mapigano ya kikabila. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na mimbari ilikuwa na sehemu yake katika kazi hiyo. Makanisa hayo hayo ndiyo wafadhili wa shule zetu nyingi. Sheria ya mwaka 2013 inampa mfadhili viti vitatu katika bodi ya shule. Kwa hiyo mwalimu wa bodi anapolipwa shilingi elfu chache, na asipolipwa Aprili, Agosti wala Desemba kwa sababu shule zimefungwa, aliyetia sahihi uamuzi huo mara nyingi ni mzee wa kanisa. Tunasimama Jumapili kusoma kwamba mfanyakazi anastahili ujira wake, na Jumatatu tunamwandikia binti wa jirani barua ya kazi isiyo na likizo, isiyo na bima wala pensheni. Tumezoea kuiona kuwa huruma kwa watoto. Ni huruma, ndiyo. Pia ndiyo inayoiwezesha Serikali kulala usingizi.

Wapo wenzetu katika harakati wanaotaka wazazi wagome kuchangia kesho asubuhi, walimu wa bodi waondoke, madarasa yabaki matupu ili Serikali ishikwe na aibu. Tunatofautiana nao. Aibu ya Serikali huchukua miaka. Mtoto wa darasa la tisa ana muhula mmoja. Anayeweza kuchangia achangie. Lakini asichangie gizani. Adai risiti. Bodi iandike katika kumbukumbu zake kwamba fedha hizi zimetolewa kwa kazi ambayo Katiba imeipa TSC, na jumla yake isomwe kila mwaka, hata siku ya kudai ifike tuwe na kitabu mkononi badala ya manung'uniko. Na mtoto asiye na mchango asirudishwe nyumbani. Bodi inayomrudisha inavunja sheria, hata kama imefungua mkutano kwa sala.

Katika kila shule tunataka hesabu tatu tu: walimu wanaostahili kuwapo kwa kanuni za TSC yenyewe, walimu wa TSC waliopo, na shilingi zilizotolewa na wazazi kwa walimu wa bodi mwaka uliopita. Zibandikwe mlangoni pa kanisa, zisomwe pamoja na matangazo ya ndoa. Hesabu ya kwanza TSC inayo, shule kwa shule, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kumjibu raia anayeuliza. Zikikusanywa za eneobunge zima la Mwingi Magharibi, zitatosha kuandika ombi kwa Bunge chini ya kifungu cha 119. Na Bunge likilala juu yake, kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya watoto hao, na sisi tutakwenda bila kudai ada.

Barua ya kwanza tumekwisha kuiandika, ukurasa mmoja, kwa ajili ya shule ile ya mkutano tulioutaja, na nyanya aliyeuliza swali ni miongoni mwa waliotia sahihi. Wanaotaka nakala ya kuitumia katika shule zao waiombe kwa makatibu wa parokia na wazee wa kanisa wanaosambaza jarida hili. Siku 21 huhesabiwa tangu ombi linapopokelewa, kwa hiyo pelekeni nakala mbili, na msiondoke ofisini kabla ile yenu haijapigwa mhuri na kuandikwa tarehe.